Rebmann alibaki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Isaya 49:4 imenikaa kifuani: “Nimejitaabisha bure, nimetumia nguvu zangu bure bila faida.” Huduma niliyokabidhiwa naiona haisogei. Watu ni walewale, tena wanapungua. Katika kuomba nikamkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari wa karne ya 19.

Krapf, mmisionari aliyemtangulia Mombasa, tunamjua wengi. Rebmann, Mjerumani mwenzake, alimfuata Mombasa mwaka 1846, wakafungua kituo cha misheni Rabai. Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na alipoandika habari hiyo wako wasomi Ulaya waliombishia. Lakini mlima sio ulionigusa. Lililonigusa ni kwamba alibaki. Krapf afya ilimshinda, akarudi Ulaya mwaka 1853, Rebmann akabaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866; akabaki. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Hata hivyo aliendelea kujifunza lugha za watu, hata Kinyanja, lugha ya huko Malawi, akajifunza kwa mtu aliyefikishwa pwani utumwani, akaiandikia kamusi. Aliporudi Ujerumani mwaka 1875, baada ya karibu miaka 29, alikuwa kipofu. Akalala katika Bwana mwaka uliofuata, na kamusi ile ikachapishwa mwaka 1877, yeye hayupo.

Wapendwa, mnivumilie niseme. Tunawaumiza watumishi wa Mungu kwa swali moja: wangapi wameokoka? Ripoti ikija fupi, msaada unapungua, na maombi nayo yanapungua. Rebmann angetuandikia ripoti gani sisi? Paulo asema, “inayohitajiwa katika mawakili, ndiyo mtu aonekane kuwa mwaminifu.” Hakutaja umati. Mungu aliyemtuma mtu ndiye ajuaye alichompa akifanye, na ni dhambi kumvunja moyo mtumishi wa Bwana kwa mizani ambayo Bwana hakuiweka.

Nawe unayefundisha watoto watatu wanne, nawe unayemwombea ndugu asiyegeuka, usiondoke mahali ulipowekwa kwa sababu tu hesabu haijai. Isaya hakuishia pale kwenye “bure”. Anaendelea: “hata hivyo hakika hukumu yangu ina Bwana, na thawabu yangu ina Mungu wangu.” Hapo ndipo ninaposhikilia mimi, na nakusihi ushikilie pamoja nami.

Kama kuna mmisionari unayemtegemeza, mpigie wiki hii. Idadi usimwulize. Mwulize habari ya afya yake, ya mwenzi wake, ya watoto, kisha ombeni pamoja kabla hujakata simu.