Viatu vyangu vya kwanza na barua ya Mzee Mwinyi

Mama alikuwa na kopo la kutunzia vipande vya sabuni. Kipande kikibaki chembamba kama ukucha, alikigandisha kwenye kingine. Hiyo ni Morogoro, mwaka 1983, mimi niko darasa la pili. Sabuni ikikatika kabisa tulifulia majani ya mpapai. Sukari ya foleni, unga wa yanga, na katika mji wenye kiwanda kikubwa cha viatu, wengi wetu tulikwenda shule pekupeku.

Kwa hiyo ninapowasikia vijana wakitaja "Mzee Ruksa" kama jina la utani tu, natamani wangemsikia mama akilitamka. Mzee huyo, Ali Hassan Mwinyi, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania Novemba 5, 1985. Haki isemwe, mlango wa biashara ulianza kufunguliwa kidogo kwenye bajeti ya 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado madarakani. Mwinyi ndiye aliyeuacha wazi. Mwaka 1986 serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Mwalimu alikuwa ameyakataa masharti yake kwa miaka, na kafa Ulaya, yaani mitumba, zikamwagika sokoni. Mama na shoga yake wakachangishana kununua robota moja. Ndani yake mlikuwa na viatu vya ngozi, vyeusi, vikubwa kwangu kwa namba mbili. Akavijaza gazeti kwenye ncha, akanifunga kamba yeye mwenyewe. Usiku ule nililala navyo ndani ya chandarua.

Lakini nyumba yetu ililipia pia. Baba alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo, na zile nguo alizouza mama zilikuwa zinashindana na vitambaa vya kwao. Miaka ya tisini ilipoanza akarudi na barua ya kupunguzwa kazi. Kilichomuuma zaidi ni Azimio la Zanzibar la 1991, lililowaruhusu viongozi kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. "Na wao ruksa," alisema, akazima redio. Kwa muda mrefu sauti ya Mwinyi ikisikika, mkono wa baba ulikwenda kwenye swichi.

Na bado ni baba huyohuyo aliyenisimulia habari ya 1977, ambayo mimi naiweka juu ya viatu vyangu na juu ya yote.

Mwinyi alizaliwa Mei 8, 1925 Kivure, Mkuranga, akapelekwa Unguja akiwa mtoto mdogo, akakulia Mangapwani. Alikuwa mwalimu muda mrefu kabla ya kuwa mwanasiasa. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya imani za kishirikina, watu wakakamatwa kwa wingi, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola baada ya kuteswa. Mwinyi hakumgusa yeyote, wala hakuagiza. Januari 1977 aliandika barua ya kujiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Mtu angedhani safari imeishia Cairo. Kumbe 1984, hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka Zanzibar na Rais wake Aboud Jumbe akajiuzulu, ni Mwinyi aliyeitwa kushika nafasi hiyo, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano.

"Huyu alikubali kubeba maiti asizoziua," baba aliniambia, tumekaa barazani, yeye hana kazi, mimi namaliza sekondari. Nimeishi kuona mengi yakiharibika chini ya wakubwa wengi, na kila mara nakumbuka barua ile. Naitamani. Naitamani kwa kweli.

Baba hakuifikia Februari 29, 2024, Rais Samia alipotangaza kwamba Mzee amefariki, akiwa na miaka 98. Machi 2 walimzika Mangapwani, kulekule alikokulia. Nilikuwa kwa mama, tukitazama kwenye televisheni. Aliniambia niongeze sauti. Kisha akashuka kwenye kochi, akajitanda kanga, akakaa chini kwenye mkeka kama akaavyo msibani, hadi fatiha ya mwisho.