Haimsumbui Mtu

Leo ni siku ya sita tangu Mjomba auonje mseto wangu wa tumbaku na kusema maneno yale mawili, na bado nayasikia kila ninapokigusa kiko changu. "Haimsumbui mtu." Basi, hakuongeza neno. Aliyasema bila kunitazama, moshi ukimtoka upande mmoja wa mdomo, kisha akaniuliza kama saa ya ukutani imekwisha betri au nimeamua tu kuishi bila saa.

Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua jinsi mseto huu ulivyonihangaisha. Huu ulikuwa wa saba, na wa kwanza niliothubutu kumwonjesha mtu mwingine: gramu 30 za Virginia, yaani tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto ndani ya banda liitwalo bani, gramu 15 za Burley, ile inayokaushwa kwa hewa, na gramu 5 za Cavendish nyeusi, iliyopitishwa kwenye mvuke na kugandamizwa, ili moshi upate unene kidogo. Niliufungia ndani ya chupa ya kioo kwa wiki tano, nikijizuia kuifungua. Nilichokuwa nikikitafuta ni tumbaku ambayo mtu anaweza kuivuta jioni nzima bila kizunguzungu wala kwikwi. Wiki hii mke wangu amepata ule uhamisho tulioungojea miaka miwili, na kitinda mimba wetu amemaliza mitihani, lakini mtu akinifungua kichwa atamkuta Mjomba ameketi humo na kiko chake, akisema kwamba haimsumbui mtu.

Maneno hayo yanaweza kusemwa juu ya mgeni mwema. Yanaweza pia kusemwa juu ya jirani ambaye, siku akihama, itachukua mwezi mzima kabla ya mtu kugundua. Nimeyarudia kwa sauti nikiwa peke yangu, mara nikiweka mkazo mwanzoni, mara mwishoni, na kila mara yanatoka na maana nyingine. Nilipomweleza mke wangu, aliniuliza, "Kwani ulitaka imsumbue?" Akaendelea kupanga nguo.

Kwa siku mbili za mwanzo nilijitetea kimoyomoyo, na utetezi wangu haukuwa mbaya. Watu wanapoiita tumbaku kali huwa wanachanganya mambo matatu: nguvu ya nikotini, uzito wa ladha, na namna moshi unavyouwasha ulimi. Mjomba amevuta Latakia kwa zaidi ya miaka thelathini, tumbaku iliyopewa jina la bandari ya Syria ingawa siku hizi nyingi yake hutoka Kupro, nayo hufukizwa kwa moshi wa kuni hadi igeuke nyeusi. Harufu yake hung'ang'ania kwenye mapazia hata baada ya mwenyewe kuondoka, lakini nikotini yake ni kidogo, na ile Burley yangu inayoonekana mnyonge inaizidi. Zaidi ya hapo, moshi wa Burley huelekea kwenye alkali, yaani kinyume cha asidi, kwa sababu jani lake halina sukari nyingi, na moshi wa namna hiyo huipitisha nikotini mdomoni kwa urahisi zaidi. Virginia nayo, ambayo sukari yake huhifadhiwa na joto la bani, huunguza ulimi wa kila anayeivuta kwa pupa. Kwa hiyo, nilijiambia, mzee anauita laini mseto wenye meno kuliko wa kwake. (Niseme pia, kabla hamjaniandikia, kwamba ulaini ninaouzungumzia ni wa ladha tu, haupunguzi madhara ya moshi hata kidogo.)

Kisha nikapata hoja niliyoiona kuwa ya mwisho. Kiko hakisahau. Ukivutia Latakia ndani ya kiko kimoja kwa miaka, kuta zake hunywa harufu ile, na tumbaku yoyote tulivu utakayoitia humo baadaye itafunikwa kabisa. Mjomba, basi, hakuuonja mseto wangu. Alionja mzimu wa tumbaku yake mwenyewe. Nililala vizuri usiku huo.

Asubuhi yake, nikiwa napiga mswaki, nikakumbuka kwamba hakuvuta kwa kiko chake.

Alikuwa amekuja na kiko cha gunzi la mahindi, kile cha manjano hafifu ambacho mji wa Washington katika jimbo la Missouri, Marekani, umekitengeneza tangu mwaka 1869. Kilikuwa kipya, hakijaungua hata ukingoni. Nilikiona kikitoka mfukoni mwa koti lake na sikukifikiria, kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa kwenye uso wake. Sasa yote yakanirudia polepole: jinsi alivyozitandaza nyuzi za tumbaku juu ya karatasi na kuziacha zipumue huku tukizungumza mambo mengine, jinsi alivyozibana baina ya vidole hadi zilipoacha kushikamana, jinsi alivyojaza mara tatu, ya kwanza akiziachia zidondoke zenyewe, ya pili akizisukuma kidogo, ya tatu akishindilia kwa gumba. Njiti ya kwanza ilizifanya nyuzi za juu zivimbe na kujikunja, akazilaza, akawasha ya pili, na baada ya hapo sikumbuki kumwona akikigusa kibiriti tena. Mtu anayekuja kukufanyia dharau hatafuti kiko kisicho na kumbukumbu kwa ajili yako.

Hata hivyo alikiacha mezani, nami nilidhani amekisahau. Nilikichukua jana nikakigonga taratibu kiganjani, yakamwagika majivu ya kijivu, makavu, laini kama unga, mpaka chini kabisa. Hapakuwa na lile tope la tumbaku iliyolowa ambalo mtu huliacha anapokata tamaa katikati. Sitaficha kwamba nilisimama pale na majivu mkononi nikicheka kama mtoto.

Jioni nilikijaza kiko hicho hicho kwa mseto uleule na kuuvuta kama nilivyomwona yeye akifanya, polepole kuliko kawaida yangu, nikiwa na daftari pembeni. Theluthi ya kwanza ina utamu wa nyasi zilizokauka juani, na hapo sina la kubadili. Katikati Burley inaingia na ile ladha yake ya karanga, kavu kidogo, na hizi mbili zinapatana. Theluthi ya mwisho haina kitu. Moshi upo, joto lipo, lakini ladha imekwisha, kama wageni waliokwisha kuaga ila hawajainuka. Nadhani Cavendish ndiyo inayozifunika nyingine kuelekea mwisho, kwa kuwa mvuke na mgandamizo vilishaipokonya makali yake kabla haijanifikia. Mjomba aliyaona hayo yote kwa mkao mmoja, na akayafupisha kwa namna ambayo isingeniumiza kama ningekuwa mtu wa kawaida.

Wa nane nitaupunguzia Cavendish hadi gramu 2, na gramu 3 zilizobaki nitazijaza Perique, tumbaku ya wilaya ya St. James huko Louisiana, Marekani, ambayo huvundikwa kwa kukandamizwa ndani ya mapipa na kupata ukali wa pilipili. Ni kipimo cha woga, lakini Perique ikizidi hutawala. Wiki tano tena kwenye chupa. Sitamwambia kwamba nimebadilisha kitu.

Nimeitia ile saa ya ukutani betri mpya na bado haiendi. Ni zawadi ya wakwe zangu, nao wanakuja Jumamosi.