Kumbukumbu ya mradi: kuchora kwa tochi, magofu ya Kaole (karibu na Bagamoyo, Tanzania)

Kuchora kwa tochi ni kupiga picha gizani huku ukimulika kitu kidogo kidogo. Mbinu yenyewe tumeitoa kazini, kwenye upigaji picha wa polisi. Askari mpiga picha akifika eneo la tukio usiku, flashi moja haifiki kote. Anasimamisha kamera kwenye stendi, anaacha shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) wazi, kisha anazunguka akifyatua flashi huku na huku hadi kila kona ionekane. Kwenye mradi huu tunabaki na shata wazi, ila flashi tumeiweka kando na kushika tochi. Kielelezo cha mahakamani hakitakiwi kufichwa kitu na kivuli. Hapa kivuli ndicho tunachokitafuta.

Mipangilio iliyokaa vizuri hadi sasa: ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata wazi sekunde 60, mwezi ukiwa mpevu. Anga linatoka buluu iliyokolea na kuta za msikiti zinabaki gizani, zikisubiri tochi. Fokasi inafungwa kwanza: mulika jiwe, acha kamera ilishike, halafu hamisha swichi kwenda fokasi ya mkono. Ukisahau swichi hiyo, lenzi itahangaika gizani na picha nzima itakuwa ukungu. Kizuia-mtikisiko nacho kizimwe kamera ikiwa kwenye stendi.

Kaburi la nguzo, yaani kaburi lililojengewa nguzo ya mawe, limetupa kazi kuliko vyote. Ukilimulika kutoka ilipo kamera, nguzo inakuwa bapa kama karatasi. Simama ubavuni, mwanga uparuze ukuta. Hapo kila tundu la jiwe la matumbawe linajaa kivuli na chokaa iliyobanduka inaonekana. Mwanga hupungua haraka: ukirudi nyuma mara mbili ya umbali, ukuta unapata robo tu, kwa hiyo juu ya nguzo panahitaji kumulikwa muda mrefu kuliko chini. Tochi isitulie, la sivyo inaacha doa jeupe. Mshika tochi avae nguo nyeusi, asisimame kati ya mwanga na kamera, wala asielekeze tochi kwenye lenzi.

Rangi inasumbua bado. Tochi za LED ni za kibuluu, za balbu ya zamani ni za manjano. Zikichanganywa kwenye ukuta mmoja hakuna marekebisho yatakayoziokoa. Tumia aina moja, weka kamera kwenye Kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), hifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata).

Na unyevu wa pwani: kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi huota umande kwenye kioo. Ibaki ndani ya begi lililofungwa nusu saa kwanza.

Sharti halijabadilika: hakuna picha ya kazini, hata kipande, inayoingia kwenye mradi. Kadi ya kumbukumbu ni nyingine, kamera ni ya mtu binafsi, na kibali cha kupiga picha usiku kinaombwa kwa wasimamizi wa magofu kama raia yeyote.

Kinachofuata ni uchapaji, sentimita 40 kwa 60, karatasi isiyong'aa. Megapikseli 24 zinatosha kwa ukubwa huo, mradi picha isikatwe pembeni.