Nilivyohamisha bloka yangu ya matangazo bila kuanza upya

Mimi siyo mtu wa IT. Nina steshenari ndogo Majengo hapa Moshi, kompyuta mbili, printa moja ya kubembelezwa, na bando nanunua mwenyewe. Kwa hiyo video ya tangazo ikijicheza yenyewe naona kama mtu ananinyonyea mafuta kwenye tenki. uBlock Origin, ekstensheni (kiprogramu cha kubandika kwenye brauza) ya kuzuia matangazo, kwangu haikuwa urembo.

Sasa 2025 hiyo, asubuhi nafungua Chrome nakuta uBlock imezimwa, eti haitumiki tena. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Google wameachana na Manifest V2, ule mfumo ambao ekstensheni yenyewe ilikuwa inakagua kila ombi la ukurasa na kulizuia mlangoni, kwenye V3 inakabidhi orodha ya sheria mapema halafu brauza ndo inazuia. Kuna uBlock Origin Lite ya huko V3, siyo mbovu, ila mimi nilikuwa na filta zangu, yaani sheria za nini kizuiwe, nilizojiandikia miaka miwili.

Dogo mmoja fundi simu akaniambia, "Mangi hiyo kitu ndogo sana," akaniingiza kwenye chrome://flags, ukurasa wa Chrome wa swichi za majaribio (ndo flagi zenyewe), tukabonyeza bonyeza, ikafufuka! Nikamnunulia soda. Wiki mbili tu, Chrome ikajiapdeti, na zile flagi zenyewe hazipo tena. Dogo hakukata tamaa (soda ilikuwa tamu), akasema tushushe toleo la zamani. Akalitoa saiti anayoijua yeye. Yaani hapo ndo nilijichimbia kaburi, maana kesho yake kaja mama mmoja wa kanisani kuprinti kadi za kikao cha harusi, nafungua email yake, pap, likaruka tangazo la kamari, lina wasichana wamevaa kidogo sana, na muziki juu, spika nilikuwa nimeziacha full. Natafuta kile kialama cha kufunga, kinakimbia, nikabonyeza likafunguka jingine. Mwisho nikachomoa waya ukutani. Mama akaniangalia juu ya miwani, "Baba, kumbe ndo kazi mnazofanyaga humu?" Kadi akaenda kuprinti kwingine.

Shemeji akasema hamia Edge. Shemeji nakuheshimu, ila Edge, brauza ya Microsoft, nayo imejengwa juu ya Chromium ileile, msingi wa Chrome, ni sawa na kupaka Hiace rangi nyingine halafu useme umebadilisha injini. Brave, brauza nyingine, nao ni Chromium ila wao walisema wataendelea kuibeba uBlock Origin, sikujaribu. Nikaenda Firefox, inabeba V2 na V3 zote. Bukumaki na paswedi nikahamisha, hiyo kila mtu anajua.

Utamu uko hapa. Zile wiki mbili za flagi, sijui malaika gani aliniongoza, nilikuwa nimeingia kwenye mipangilio ya uBlock nikatoa bakapu, kafaili kadogo ka maandishi. Kule Firefox nikaweka uBlock Origin, nikarudisha kale kafaili, filta zangu zote hizo hapo! Nikakatuma na WhatsApp kwenye simu pia, kwa sababu Firefox ya Android inakubali ekstensheni (tangu Desemba 2023 wamefungulia nyingi), Chrome ya simu haikubali hata moja. Kwa hiyo kama uBlock yako bado inapumua, toa bakapu leo leo, usisubiri.

Kuna ekstensheni moja nilidhani nitaililia, ya kupiga picha ukurasa mzima, wateja wanapenda kuprinti matokeo ya NECTA shule nzima. Kumbe Firefox inayo ndani kwa ndani, right-click tu. Gharama yote labda bando la elfu tano na zile soda.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata na ratiba ya kikao. Akasimama nyuma yangu kimya, macho kwenye kioo, mpaka karatasi ya mwisho ikatoka.

"Leo wale mabinti hawapo?"