Wiki ya 29 ya mimba: neno "kawaida"

Leo nimekaa kwenye benchi la kliniki hapa Kigoma kwa muda wa saa tatu hivi, na sikuona aliyekuja mzima kabisa. Dada wa kulia kwangu, mimba ya kwanza, miguu imejaa hadi kavaa ndala za mumewe. Wa kushoto kiungulia hakimpi usingizi, analala ameegemea ukuta. Nyuma yetu mama wa Gungu katoka kulazwa na malaria; alichelewa kuanza kliniki, SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, kameza mara moja tu. Na mimi? Hadi mwezi wa nne wa mimba sikuweza kupita Kibirizi dagaa wakiwa wameanikwa. Harufu ya mawese, niliyokulia nayo, ilinitoa jikoni mbio.

Kila mtu akitaja lake, benchi zima linaitikia, "Ah, ni kawaida."

Nikachomwa kidole. Mashine ya kupima wingi wa damu ikasoma 9.4, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Kumbe kule kuhema nikipanda mlima kwenda Mwanga si uzito wa tumbo peke yake.

"Fefo unakunywa?" nesi akauliza, yaani vile vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu.

"Nakunywa."

Akanitazama tu.

"Siku nyingine naruka, dada. Zinanifunga choo."

"Na unamezea nini?"

Chai. Miezi yote hii! Kumbe chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Nimeze na maji, na nikipata chungwa ndiyo bora zaidi. Akaniambia nisijione wa ajabu, duniani zaidi ya theluthi moja ya wajawazito wana upungufu wa damu. Yaani hilo nalo ni kawaida, lakini hakucheka alipolisema.

Ikafika zamu ya yule wa ndala. Nesi akambonyeza dole gumba kwenye muundi, akaliondoa. Pakabaki shimo, kama umebonyeza ugali wa moto. Miguu kuvimba wengi tunavimba, akasema, ila je, kichwa kinauma? Macho yanaona nyotanyota? Dada akajibu tangu juzi, ila shangazi yake alimwambia ni kawaida. Presha ikapimwa, akapumzishwa, ikapimwa tena: 148 kwa 96. Mkojo ukakutwa na protini. Hiyo ndiyo njia ya kifafa cha mimba, na shida ya namna hiyo huwapata kama wawili hadi wanane katika kila wajawazito mia. Akaandikiwa rufaa palepale, akatoka bila hata kutuaga. Sisi kwenye benchi hatukuongea tena.

Nimerudi nikiwa na hasira na hilo neno. Tunalitumia kumaanisha jambo linapata wengi, msikiaji anaelewa halina madhara.

Jioni mama mkwe akauliza kliniki wamesemaje. Nikamwambia damu imepungua.

"Hiyo kawaida, mwanangu."

Nikanyamaza. Nikamweleza habari ya fefo na chai. Hakusema neno. Akaenda jikoni, akarudi na sombe, yaani kisamvu, ya mawese sahani imefurika, dagaa juu yake, na jagi la maji. Birika la chai akalibeba, akaenda nalo chumbani kwake.