Modemu juu ya paa, ruta sebuleni: kumbukumbu ya mradi wangu wa Ntyuka

Kabla sijagusa kitu

Nyumba yetu iko Ntyuka, kusini mwa jiji la Dodoma, na kwa mawasiliano imekaa vibaya. Kilima cha mawe kinatukinga na upande wa mjini, kuta ni za tofali za saruji, juu bati. Simu ikiwa uani inasoma 4G, ukiingia nayo sebuleni inashuka 3G, na chumbani inakuwa ya kuangalia saa tu. Faiba haijafika mtaani kwetu, kwa hiyo intaneti ya nyumbani ni laini ya simu ndani ya modemu na bando la mwezi.

Nilichokuwa nacho: modemu ya USB ya 4G, ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, ruta yenye tundu la USB, tundu moja la WAN (la kupokea intaneti) na manne ya LAN (ya kuigawa kwa vifaa vya ndani), na ngazi ya jirani. Ninachotaka ni Wi-Fi inayotulia jioni, muda ambao binti yangu anafanya kazi za shule na mama yake anaongea kwa video na dada zake walioko Mwanza.

Kutoka paani hadi kwenye ruta, ukifuata ukuta na dari, njia ya kebo ni kama mita 25. Mradi wote unazunguka swali moja: katika mita hizo nipitishe nini? USB, mawimbi yenyewe ya redio, au data ya mtandao? Kila jibu lina kebo yake.

Agosti: USB

Hii ndiyo rahisi, kwa hiyo nilianza nayo. Modemu inachomekwa kwenye tundu la USB la ruta, ruta inaitambua, unaweka APN, yaani jina la njia ya intaneti ya kampuni ya simu, kazi imekwisha. Ila ruta iko sebuleni na mawimbi yako nje, ndipo watu hununua kebo ya kurefusha USB.

Kebo ya USB 2.0 inatakiwa isizidi mita 5. Na urefu si tatizo pekee. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na modemu inapohangaika na mnara wa mbali huongeza nguvu ya kurusha, mkondo nao unapanda. Kebo nyembamba ikishakula volti zake, modemu inajizima na kuwaka tena, na mtu wa sebuleni anasema mtandao unakatika. Mtandao haujakatika, modemu imekosa umeme.

Dawa yake ni kebo ya Y, yenye vichwa viwili vya USB upande mmoja: kimoja kinaingia kwenye ruta kwa ajili ya data, kingine kwenye chaja ya simu kuongeza umeme. Nilipoiweka, modemu ilitulia dirishani bila kujizima. Kwa mtu mwenye dirisha linaloutazama mnara ningemwambia aishie hapo, asitumie hela zaidi. Dirisha langu linatazama kilima. Vipimo vya pale: RSRP -111, SINR 2.

Kwa asiyezoea namba hizi: RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanapokufikia. Huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. -80 ni raha, -110 ni shida. SINR ni jinsi mawimbi hayo yanavyojitokeza juu ya kelele na minara mingine. Mimi naiangalia SINR kwanza. Vijiti vya kwenye skrini ya simu sivijali kabisa, maana kila mtengenezaji ana hesabu yake ya kuvichora.

Agosti hiyohiyo: antena ya nje na koaksi

Wazo la pili ni kuacha modemu ndani, antena ikae paani, na mawimbi yashuke kwa kebo ya koaksi, ya jamii ya ile ya antena ya TV. Modemu nyingi za USB zina vitundu vidogo vya antena vilivyofichwa chini ya kifuniko. Vinapokea kebo fupi ya kuunganishia, na hapo kuna mitego. Vichwa vya CRC9 na TS9 vinafanana mno. Nenda dukani na modemu yako mkononi, usiende na picha. Upande wa pili, wa antena, kuna vichwa vya SMA na RP-SMA. Hizi zinafungana kwa skrubu vizuri kabisa, lakini ukikutanisha zisizolingana unaweza kupata tundu kwa tundu katikati, pini hakuna, na antena ya bei mbaya inabaki pambo la paa.

Kilichoniondoa kwenye njia hii ni hesabu. Koaksi nyembamba ya RG58 kwenye masafa ya 1800 MHz hupoteza karibu desibeli moja kila mita, juu au chini kidogo kulingana na ubora wake. Kila desibeli 10 zikipotea, inabaki sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kwa mita 25 ni desibeli 20 na zaidi, na antena ya kawaida ya paani inaongeza pengine 9 au 10. Yaani unapanda juu kuchota mawimbi, kisha unayashusha kwa ndoo iliyotoboka. Koaksi nene ya aina ya LMR-400 hupoteza kama desibeli mbili kwa mita 10, hiyo inavumilika, lakini 4G hutumia antena mbili kwa pamoja, kwa hiyo ni kebo mbili nene, ngumu kukunja, na bei yake nikaiulizia nikacheka.

Septemba: modemu ipande yenyewe

Kinachobaki ni kupandisha modemu nzima, redio na antena zake, ikae juu, na ishushe data tupu kwa kebo ya mtandao. Kebo ya shaba ya Cat5e hubeba data mita 100 bila kupunguza kasi. Mita 25 kwake si kitu. Umeme nao unapanda kwa kebo hiyohiyo, ndiyo PoE.

Nilinunua modemu ya nje iliyotumika: kisanduku cheupe chenye antena ndani, laini inaingia chini kwenye kifuniko cha mpira, na injekta yake ya volti 24, kile kisanduku cha ndani kinachoingiza umeme kwenye kebo. PoE ya aina hii ni ile isiyo na mazungumzo. Ile ya kiwango cha 802.3af huuliza kwanza kama kifaa cha upande wa pili kinahitaji umeme. Hii ya volti 24 inamwaga tu. Umeme unapita kwenye pini 4 na 5 kwa chanya, 7 na 8 kwa hasi, data inapita 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo kasi ya juu ni megabiti 100 kwa sekunde, na kwa 4G ya huku kwetu hiyo inatosha na kubaki.

Injekta ina matundu mawili: lililoandikwa POE linakwenda paani, lililoandikwa LAN linakwenda kwenye tundu la WAN la ruta. Nimeyabandika utepe wa rangi, maana siku ruta ikihamishwa na mtu mwingine, volti 24 zikiingia kwenye ruta isiyozitarajia, ruta imekufa.

Kununua kebo

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na Soko la Majengo. Kijana wa dukani akanitolea kebo iliyokwisha kufungwa vichwa.

"Mzee, chukua hii ya kroso. Modemu kwa ruta lazima kroso."

Zamani alikuwa na hoja. Kebo ya kroso ina mpangilio wa rangi za waya wa T568A kichwa kimoja na T568B kingine, ili unapotumia vifaa viwili vya aina moja, pa kutuma pakutane na pa kupokea. Vifaa vya miaka mingi sasa vinajigeuzia vyenyewe, kebo yoyote inakubali. Ila kwenye PoE isiyo na mazungumzo kroso si suala la ladha. Kuna kroso zilizotengenezwa kwa ajili ya gigabiti, na hizo hubadilishana hata jozi ya bluu na ya kahawia. Jozi hizo ndizo zinazobeba umeme wangu. Chanya ingefika mahali pa hasi, na modemu isiyo na kinga ingeungua kabla haijawasha taa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe ya mita, vichwa nitafunga mwenyewe."

Jambo la pili ni shaba. Kebo nyingi za bei poa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Shaba halisi ya unene wa kawaida ina ukinzani wa takriban omu 8.4 kwa mita 100 kwa kila waya. Kwangu, mita 25, waya mbili kwenda na mbili kurudi, jumla ni kama omu 2.1. Modemu ikivuta ampea 0.4, inapotea chini ya volti moja kati ya 24. Alumini ingepoteza mara moja na nusu ya hapo. Na kwa kifaa cha volti 12 kinachovuta ampea nzima, volti mbili zingeishia njiani hata kwa shaba. Ndiyo maana wanaopeleka umeme mbali kwa kebo hizi hupandisha volti.

Cha tatu, ganda. Kebo ya kijivu ya ndani inapasuka kwa jua la Dodoma. Nilichukua nyeusi ya nje.

Kupanda

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kishikio cha bomba, nikakifunga ukutani kwa boliti ili modemu isimame juu ya bati, mbali nayo kiasi cha mita moja na nusu. Upepo wa miezi hii si wa mchezo, bomba linalozunguka hata kidogo linapoteza mwelekeo, kwa hiyo boliti ni nne na kila moja ina nati mbili.

Vichwa nilifunga chini, kivulini, T568B pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nikapima kwa testa taa zote nane kabla ya kuwasha injekta.

Kisha kutafuta mnara. Binti yangu alikaa uani na simu, ukurasa wa modemu umefunguka, mimi nageuza bomba taratibu.

"Baba, hasi mia na moja. Tisini na saba. Tisini na nne! Umepita, rudi."

"SINR je?"

"Tano."

Huo ni upande wa mjini: nguvu nyingi, usafi hakuna. Nikageuza kuelekea upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, RSRP ikawa -98 lakini SINR 15. Huko ndiko nilikokaza nati. Kasi ya jioni imenipa haki.

Jirani yetu, mzee wa Kigogo, alisimama kwenye uzio akatupa mbukwenyi, salamu ya kwao, akatazama juu kwa muda. "Dishi la mpira hilo?"

"Hapana babu, la intaneti."

"Na mpira halionyeshi?"

"Linaonyesha, bando likiwepo."

Akaona bora dishi lake.

Mipangilio

Modemu ilikuwa na anwani 192.168.1.1, ruta nayo ileile. Vifaa viwili vyenye anwani moja haviwezi kupelekana data, hivyo ruta nimeihamishia 192.168.20.1 na WAN yake inapokea anwani kutoka kwa modemu. Wi-Fi ya modemu nimeizima. Juu ya paa haina kazi ila kuongeza joto.

Wapo wanaokataa mpangilio huu kwa kuwa anwani zinatafsiriwa mara mbili, kwenye ruta na tena kwenye modemu. Kwa kamera ya kuangalia ukiwa mbali ni kweli inasumbua. Lakini angalia anwani ambayo kampuni ya simu imekupa: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, tayari unashiriki anwani ya umma na wateja wengine, na hakuna utakachookoa kwa kuondoa tafsiri ya kwako. Kwa kusoma, video na simu, nyumbani hakuna aliyeona tofauti.

Novemba: kabla ya mvua

Huku mvua huanza kushika Desemba, na radi zake si za kubahatisha. Kebo nimeipitisha kwenye tundu la ukuta lililotobolewa kwa kuinamia nje, na kabla ya kuingia inashuka chini ya tundu kisha inapanda, ili maji yadondoke pale yasifuate kebo hadi sebuleni. Kichwa cha juu kimevishwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, sikupaka silikoni kwa sababu siku ya kukifungua ingenitesa. Bomba limefungwa waya wa ethi hadi kwenye nondo yake ardhini.

Kilichobaki ni kinga ya radi ya kebo ya mtandao, inayokaa pale kebo inapoingia ndani na yenye waya wake wa ethi. Lazima iwe ya kupitisha umeme wa PoE. Nyingi nilizoziona madukani zinapitisha data tu. Nimeagiza Dar es Salaam. Hadi ifike, mawingu yakikusanyika naichomoa injekta ukutani na kebo ya WAN kwenye ruta, vyote viwili, kwa kuwa kuzima swichi peke yake hakuikati kebo.