Suruali ya pikipiki usiijaribu umesimama

Mwendesha pikipiki ukimuuliza ana nini cha kujikinga lazima aanzie juu, atakwambia helmeti nzuri, glavu, koti lenye mabega magumu, afu ukishusha macho kuanzia kiunoni kwenda chini unakuta jinzi ile ile anayovaa kila siku na raba za kutembelea. Suala la suruali naulizwa sana na kila nikijibu kwa meseji najikuta naandika insha nzima, so nimeamua nimwage yote hapa, atakayeuliza tena namtumia linki tu.

Kwanza kabisa miguu ndo inaongoza kwa kuumia. Kuna utafiti unaitwa MAIDS, ulichunguza ajali 921 za pikipiki na mopedi kwenye nchi 5 za Ulaya, na karibu theluthi moja ya majeraha yote yalikuwa miguuni, kuliko kichwa na kuliko mikono. Kichwa ndo kinaua, hilo halina ubishi na helmeti inabaki namba moja, ila mguu ndo unaokuweka kitandani miezi ukijifunza kutembea upya. Na ukifikiria kidogo unaona kwanini, pikipiki ikilala inalala na mguu wako, goti na nyonga ndo vinawahi kufika chini, afu chuma kinakuja juu yake.

Sasa jinzi. Jinzi ya kawaida ya pamba kwenye mashine za kupima msuguano inatoboka ndani ya sekunde moja hivi au pungufu, na mtu aliyeanguka akiwa kwenye mwendo wa barabara kuu anaburuzika zaidi ya hapo. Yaani kitambaa kinaisha we bado unakwenda. Kwahiyo mtu akiniambia "si jinzi ni nzito bana" huwa namuuliza tu, nzito kuliko lami?

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Suruali ina kazi mbili tofauti, kukinga msuguano na kukinga kugonga. Msuguano ni kazi ya kitambaa na mishono, kugonga ni kazi ya pedi, ile mito ya kukinga inayochomekwa magotini na nyongani. Unaweza ukawa na suruali ya kitambaa kikali balaa lakini haina pedi, goti likitua kwenye ukingo wa barabara linavunjika ngozi ikiwa haijachubuka hata kidogo, na unaweza ukafunga pedi ngumu za magoti juu ya trakisuti, goti likabaki salama paja lote likachunika. Unahitaji vyote viwili, muuzaji akikusifia kimoja tu we muulize habari za kingine.

Habari njema ni kwamba huhitaji kumwamini muuzaji. Geuza suruali ndani nje utafute lebo ya EN 17092, hicho ni kiwango cha Ulaya kilichotoka 2020 na siku hizi nguo nyingi za pikipiki zinakuwa nacho hata zinazouzwa nje ya Ulaya. Hapo utaona herufi AAA, AA, A, B au C. Wanachofanya kwenye kupima ni hivi, kipande cha kitambaa kinafungwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi afu kinaachiwa kitue kwenye zege na kuteleza mpaka kisimame, kikitoboka zaidi ya kiasi kilichowekwa kimefeli. Sehemu za hatari zaidi, yaani goti na nyonga, kwa daraja la AAA zinapimwa kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, AA ni 70, A ni 45. Sehemu nyingine za suruali zinapimwa kwa mwendo mdogo zaidi, ndo maana nyingi zinakuwa na kitambaa kinene magotini na chepesi mapajani kwa ndani. Ila usije ukachukulia kwamba ukivaa AA basi hadi 70 huumii, hivyo ni vipimo vya maabara vya kulinganisha nguo na nguo, barabara ina mashimo, kokoto na magari ya watu.

Hapo kwenye B na C pana mtego. Mtu anadhani ni kama alama za shule, B iko chini kidogo ya A basi inatosha. Hapana. B ni kitambaa cha kiwango cha A lakini haina pedi kabisa. C ndo kinyume chake, ni nguo ya kushikilia pedi tu, zile taitsi za neti zenye pedi unazovaa ndani, kwenye msuguano hazikukingi chochote. C ni nzuri sana ikivaliwa chini ya suruali nyingine ya maana, ikivaliwa peke yake au chini ya jinzi ya kawaida unajidanganya. Na kingine ambacho wengi hawajui, pedi za nyonga ni lazima kwenye AAA tu. AA na A mara nyingi zinakuja na pedi za magoti na mfuko mtupu pale nyongani, unatakiwa ununue pedi zako mwenyewe uzichomeke. Gusa pale pembeni kabla hujalipa, ukikuta pamelegea ujue hamna kitu.

Pedi nazo zina maandishi yake. Itoe mfukoni, igeuze, utaona kipicha cha mtu kwenye pikipiki, namba EN 1621-1, herufi K kama ni ya goti au H kama ni ya nyonga, na namba 1 au 2. Hiyo 1 au 2 ndo ya kuangalia. Pedi zote mbili zinapigwa kwa nguvu ile ile, jouli 50, afu wanapima kiasi gani kinapenya kufika upande wa pili: level 1 inaruhusiwa kupitisha wastani wa kilonyutoni 35, level 2 isizidi 20. Tofauti hiyo siyo ndogo. Mi ningekuwa na hela ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye suruali niliyonayo ningebadilisha pedi za level 1 kuweka level 2, maana suruali nyingi zinauzwa na level 1 na kubadilisha ni kuchomoa na kuchomeka. Ukiona pia T+ ujue imepimwa hadi kwenye joto la nyuzi 40, T- ni baridi ya chini ya sifuri, nyuzi 10. Hizi pedi laini zinazokuwa ngumu zikipigwa zinabadilika tabia kulingana na joto, kwahiyo alama hiyo haikuwekwa kama urembo.

Haya, sasa kichwa cha habari. Watu wanajaribu suruali wakiwa wamesimama mbele ya kioo, wanageuka kidogo kuangalia nyuma imekaaje, wanalipa. Pikipiki huendeshi umesimama! Ukikaa na kukunja magoti kitambaa chote kinavutwa, kiuno kinashuka nyuma, pindo linapanda juu ya kifundo, na pedi iliyokuwa imekaa vizuri kabisa kwenye goti inahamia juu pajani au inazunguka pembeni. Suruali iliyokaa sawa ukisimama pedi inaonekana iko chini kidogo ya goti, kama imeshuka hivi, na ndo inavyotakiwa, maana ukikunja goti itapanda na kufunika pale panapostahili.

Kwahiyo fanya hivi. Vaa suruali pamoja na buti unazoendeshea, panda kwenye pikipiki au hata kiti kirefu ukipanua miguu, weka miguu kama ilivyo kwenye vikanyagio. Shika pedi ya goti kwa vidole viwili ujaribu kuisukuma kushoto na kulia. Ikihama kirahisi kwa vidole vyako, lami itaihamisha bila jasho, na pedi iliyozunguka nyuma ya goti ni mzigo tu umebeba. Fungua mfuko wa pedi kwa ndani, zilizotengenezwa kwa akili zina velkro au mifuko ya ngazi mbili tatu ili uishushe au kuipandisha kulingana na urefu wa paja lako, kama mfuko umeshonwa sehemu moja na haujakaa sawa na goti lako basi suruali hiyo siyo yako hata kama kiuno kimekaa kama umepimwa na fundi. Dada zangu wanaoendesha hili linawahusu zaidi, suruali nyingi zimekatwa kwa mwili wa kiume, kiuno kikikubali goti linakataa, tafuteni zilizokatwa kwa ajili yenu msikubali kuambiwa "chukua saizi ndogo tu". Afu simama, chuchumaa, vuta pindo la suruali kwa nguvu kwenda juu kama vile barabara inavyolivuta. Likipanda hadi katikati ya muundi unahitaji buti ndefu, au suruali ya kufunga kwa velkro kifundoni.

Mishono watu hawaangalii kabisa na ndo inayofeli. Utafiti wa Australia wa 2011 ulifuatilia waendeshaji 212 waliopata ajali, waliovaa suruali za pikipiki hawakulazwa hospitali kwa kiasi cha wale wasiovaa, lakini humo humo walikuta zaidi ya robo ya suruali hizo zilishindwa kuhimili ajali yenyewe. Mi nafanya hivi, naishika suruali pande mbili za mshono kwenye nyonga au kwenye goti naivuta kwa nguvu huku naangalia kwenye mwanga. Nikiona nyuzi zinaachia macho, mwanga unapita katikati, naiweka chini. Nataka mistari miwili ya uzi au mitatu, na angalau mmoja uwe umefichwa ndani ambako lami haiwezi kuugusa, maana uzi ulio juu juu ukisuguliwa unakatika wote na suruali inafunguka yenyewe hata kama kitambaa ni kizima.

Kitambaa chenyewe sitaki kuandika sana, kila mtu ana lake. Ngozi ya ng'ombe ya unene wa milimita 1.2 hadi 1.4 bado ni mfalme kwenye msuguano ila ni nzito na jua likiwaka utaijua. Nailoni kama Cordura ni nzuri kwa safari ndefu na mvua. Jinzi zenye aramidi, zile nyuzi kali za jamii ya Kevlar, ni nzuri kwa mtu anayetaka kufika aendako bila kuonekana ametoka kwenye mashindano, ila angalia aramidi imefika wapi, kuna zilizowekewa kiraka magotini na makalioni tu, nyonga hazina kitu. Nailoni na poliesta zinayeyuka zikikutana na ekzosi ya moto na zinaganda kwenye ngozi yako, aramidi na ngozi haziyeyuki, kwahiyo kama ekzosi yako inapita karibu na muundi tafuta iliyowekewa kipande cha aramidi au ngozi upande huo.

Joto ndo sababu kubwa ya watu kuacha suruali nyumbani, na hapo silaumu mtu. Suruali ya AAA iliyoning'inia ukutani haikingi kitu, bora neti ya daraja la A unayoivaa kila ukiwasha pikipiki. Neti za kisasa zinapitisha upepo hadi unasikia baridi ukiwa kwenye mwendo, shida yake ni foleni tu. Mvua ikija vaa suruali ya mvua juu yake, hizo za kizuia maji kilichoshonewa ndani mi sizipendi, kitambaa cha nje kinalowa kinakuwa kizito na kinakaa na maji siku nzima.

Kufua sasa. Toa pedi zote kwanza. Jiki weka mbali kabisa, klorini inaila aramidi kimya kimya, na anika kivulini maana jua nalo linaidhoofisha. Ikishaanguka kwa maana ya kweli kweli, badilisha pedi hata kama hazina mpasuko, na mpe mtu mwenye macho mazuri aangalie mishono. Ndo maana ya mtumba mi nanunua kwa tahadhari sana, natafuta mkwaruzo uliong'aa nyongani na uzi wa rangi tofauti na uliobaki, ukiona hivyo ujue imeshafanya kazi yake kwa mwenzio.

Na abiria wako? Ana magoti mawili kama wewe na muundi wake uko karibu na ekzosi kuliko wako. Kama una mtu unambeba kila siku, zile taitsi za C chini ya suruali nzito siyo kamili lakini ni mwanzo, na saizi yake apime mwenyewe, akiwa amekaa nyuma.